Sala ya Mwenye Karakana

Nina habari ya bwana mmoja mwenye karakana ya kuchomelea mageti. Jina lake msiniulize, maana nikilitaja nusu yenu mtaitika.

Bwana huyu alikuwa mtu mwema, tusimwonee. Wafanyakazi wake aliwanywesha chai, na asubuhi hawakuanza kazi bila kuomba. Ila waya wa mashine ya kukatia vyuma ulikuwa umechubuka, shaba inaonekana, naye akauviringishia mfuko wa nailoni. Fundi umeme, alisema, ataitwa wiki ijayo. Mvua ikinyesha na sakafu ikilowa, anawaambia wasimame juu ya ubao. Wakazoea. Si ndivyo tulivyo? Umeme ukikurusha mara ya kwanza unashtuka, mara ya tano unacheka.

Siku moja fundi wake mmoja hakucheka. Waya ulimshika, na mpaka wenzake wazime umeme, mkono wa kulia ulikuwa umeungua vibaya. Hospitalini akakatwa vidole vitatu. Mtu aliyekuwa akikunja maua ya chuma kwenye mageti, sasa anafungwa vifungo vya shati na muuguzi.

Yule bwana ilimuuma kweli. Wiki ya pili akakusanya wazee wa kanisa, wakaenda na matunda na maziwa. Akaketi kando ya kitanda, moyo umetulia, kwa sababu kulikuwa na jambo jema amelitenda na alitaka kulisema mwenyewe.

"Mwanangu, usiwaze habari za nyumbani," akasema. "Nafasi yako nimempa mdogo wako. Ameanza leo asubuhi."

Mgonjwa akamtazama. "Mashine ipi, bosi?"

"Ile ile yako. Anajifunza haraka."

"Waya umebadilishwa?"

Bwana akakohoa kidogo. "Fundi umeme anakuja wiki ijayo. Nimemwambia asimame juu ya ubao."

"Bosi, nakuomba, piga simu sasa hivi wazime."

"Nitapiga, mwanangu, nitapiga. Tuombe kwanza."

Wakafumba macho. Aliomba vizuri, mnajua watu wa namna hiyo wanavyoomba. Aliomba uponyaji, akaomba faraja, akaomba ulinzi kwa wote wanaofanya kazi kwa mikono yao, mpaka machozi yakamtoka. Wazee wakaitikia amina. Walipofumbua macho, kitanda kilikuwa kitupu.

Mgonjwa alikuwa barabarani, na nguo za wodini, nyuma ya pikipiki. Alipofika karakana hakumsalimu mtu, akazima swichi kuu kwa mkono wa kushoto. Mdogo wake akageuka, mashine imenyamaza mikononi, akauliza, "Kaka, kuna nini?"

Sasa niambieni, ni nani aliyeomba siku ile?

Sisi kutembelea wagonjwa tunajua sana. Matunda tunapeleka, machozi tunayo. Lakini yule aliyelala wodini tulimlaza sisi wenyewe, na mwingine tumeshamsimamisha pale pale alipoangukia mwenzake. Wewe mwenye saluni, wewe mwenye mashine ya kusaga, wewe mwenye hoteli, waya ninaousema unaujua, na tangu nianze kusema umekuwa ukiukumbuka.

Kwa hiyo leo ibada siifungi kwa sala. Nendeni mkazime, mmwite fundi umeme. Akimaliza, rudini tuombe.