Muhanga na Bei ya Shimo

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa shimo.

*Shimo la nani?*

Hilo ndilo tutakalolisikia. Wa nyuma huko, sogeeni. Na nyinyi wakubwa, msijifanye mmewasindikiza watoto tu. Hadithi hii inawahusu nyinyi kuliko wao.

Kale hiyo, kale kweli, kabla babu wa babu zenu hawajajua kuota moto, wanyama walilipana kwa chakula. Palikuwa na Muhanga. Mnamjua Muhanga? Pua ndefu, masikio ya punda, mgongo umepinda. Mzuri si mzuri. Lakini ana kucha. Akiziweka kucha zile chini, kwaru, kwaru, kwaru, ardhi inafunguka.

Wenzake walikuwa na maeneo yao, na kwenye maeneo yao palikuwa na vichuguu vimejaa mchwa. Muhanga hakuwa na eneo. Alikuwa na kucha tu, na kucha hazilambwi. Basi akawa anatembea, leo bonde hili, kesho bonde lile, akiwachimbia wenzake mashimo ya kulala na ya kuzalia. Shimo likiisha, mwenye shimo humwonyesha kichuguu. Muhanga hutoboa, hulamba, hushiba, huondoka. Bei yake ilikuwa hiyo. Shimo moja, kichuguu kizima.

Naye alikuwa na kawaida yake. Kabla hajagusa udongo, humwambia mteja, "Tembea nikuone." Mteja hutembea. "Geuka." Mteja hugeuka. "Haya, niambie, wewe kwako unaingiaje?" Wengine walicheka. Wengine walikasirika, wakasema wamekuja kutafuta shimo, hawakuja kuposwa. Muhanga hajibu. Anatazama tu.

Sasa kiangazi kimoja kikaja kikali, na Nungunungu akaja analia. "Dada Muhanga, hali yangu unaiona. Nipunguzie." Muhanga akamwonea huruma, akamchimbia kwa nusu kichuguu.

Hebu niambieni, nusu kichuguu inaliwaje?

*Hailiwi!*

Hailiwi. Unatoboa upande huu, mchwa wanakimbilia upande ule, na upande ule si wako. Muhanga alilamba alichokipata akaondoka na njaa yake. Nungunungu naye, mdomo haukutulia. Alimwambia kanga, kanga akamwambia kila mtu. Muhanga anapunguza. Ukimlilia kidogo tu, anapunguza.

Habari hiyo ikamtangulia njiani. Alipofika bonde la Ngiri, ilikuwa imeshafika na imeshapumzika.

"Hodi," akaita Ngiri kwenye kivuli alichojibanza Muhanga.

"Karibu, kaka Ngiri. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani salama, ila si salama sana. Mama watoto ni mzito. Mawingu unayaona yanavyojikusanya. Nataka shimo kabla ya mvua."

"Tembea nikuone."

Ngiri akatembea.

"Geuka. Haya, kwako unaingiaje?"

"Kama ngiri wote," akasema Ngiri. "Naingia kinyumenyume. Makalio kwanza, pembe zibaki mlangoni. Sisi hatumpi adui mgongo. Lakini mbona maswali mengi? Bei gani?"

"Kichuguu kizima."

Ngiri akacheka, akaukalisha mkia chini. "Dada, usinifanyie hivyo. Nungunungu ulimchimbia kwa nusu."

"Nilimchimbia kwa nusu nikalala njaa."

"Hayo ni yako na tumbo lako. Mimi nauliza hivi. Ukishachimba, ukishamaliza kila kitu, pale panakuwa na nini?"

"Panakuwa na shimo."

"Na ndani ya shimo?"

Muhanga akajikuna sikio.

"Hakuna kitu," akasema Ngiri. "Sivyo? Nikikupa kichuguu, nakupa mchwa, udongo, malkia, kila kitu. Wewe unanipa mahali pasipo na kitu. Nitalipaje kitu kizima kwa mahali pasipo na kitu?"

Mnacheka. Msicheke, maneno yale yalikuwa mazito. Muhanga mwenyewe aliyatafutia jibu asilipate. Akajaribu kusema habari za kucha zake, jinsi zinavyolika. Ngiri akasema kucha amezaliwa nazo, hakuzinunua. Akajaribu kusema habari za jasho. Ngiri akasema jasho hata yeye analo, na hajamdai mtu.

"Bei ni kichuguu kizima," akasema Muhanga mwishowe, kwa sababu hakuwa na neno jingine.

"Basi nitatafuta mwingine. Wachimbaji wako wengi."

Akaenda zake, pwata pwata pwata, mkia juu.

Muhanga akabaki pale. Aliangalia kucha zake, akaangalia mawingu. Mvua ikishanyesha hakuna atakayetaka shimo tena mpaka kiangazi kingine, na yeye kiangazi kingine asingekifikia kwa kulamba vumbi. Ilimuuma. Zaidi ya njaa, lilimuuma lile neno, mahali pasipo na kitu. Alikuwa amechimba maisha yake yote. Akajiuliza kama ni kweli maisha yake yote amekuwa akiuza upepo.

Ngiri hakwenda mbali. Alimkuta Nguchiro anakwaruza kwaruza chini ya kichaka.

"Nguchiro, unachimba?"

"Nachimba."

"Bei?"

"Konzi ya panzi."

Ngiri akafurahi. Panzi bonde zima hakuna anayewahesabu. Nguchiro hakumwambia atembee, hakumwambia ageuke, hakumuuliza anaingiaje kwake. Alianza palepale, fyu fyu fyu, vumbi juu, na kabla kivuli hakijahama shimo likawa tayari.

Na nisimsingizie Nguchiro. Hakuwa mwizi. Lilikuwa shimo zuri, limenyooka, ukuta laini. Lilikuwa shimo zuri la nguchiro.

Upande wa pili, Muhanga alikuwa ameinuka. Njaa ilikuwa imeshinda. Aliamua kwenda kwa Ngiri kumwambia haya, lete hiyo nusu. Njiani alikuwa akilirudia lile neno, nusu, nusu, ili likija mdomoni lisimkwame. Alipofika akamkuta Ngiri amesimama kando ya shimo jipya, kifua mbele. Mkewe yuko pembeni, tumbo linakaribia kugusa nyasi. Nguchiro amekaa anatafuna panzi wake.

"Umechelewa," akasema Ngiri. "Tazama kazi. Kwa panzi."

Muhanga akatazama. Lile neno lake akalimeza.

"Ingia basi tuone," akasema mke wa Ngiri. "Mimi ndiye nitakayezalia humo."

Ngiri akageuka, akarudi kinyumenyume, makalio kwanza, kama ngiri wote. Akasukuma. Hayakuingia. Akasukuma tena, akakunja uso. Hayakuingia.

"Si hivyo," akasema Nguchiro. "Tanguliza kichwa, kama watu."

Angekuwa peke yake, Ngiri asingekubali. Lakini Muhanga alikuwa pale anatazama, na Ngiri alishasema tazama kazi. Akatanguliza kichwa. Pua ikaingia, pembe zikaingia, mabega yakaingia. Tumbo likaingia nusu. Kisha, kwaa. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma. Kichwa kiko ardhini, makalio yako duniani, mkia umesimama wima kama bendera.

Na bendera huonekana mbali.

Nani aliiona?

*Fisi!*

Fisi. Alikuja polepole, hana haraka, anachechemea kama kawaida yake. Nguchiro alipomwona akameza panzi wa mwisho akapotelea nyasini. Fisi akawasalimu waliobaki.

"Hamjambo?"

"Hatujambo," akasema mke wa Ngiri, akageuza pembe zake kumwelekea.

"Huyu mwenye mkia mbona haitikii?"

"Anakagua nyumba," akasema Muhanga.

"Aendelee kukagua," akasema Fisi, akaketi. "Mimi nitasubiri. Mama ni mzito, atachoka kusimama. Huyu hatoki. Sioni sababu ya kukimbia."

Kutoka ardhini sauti ya Ngiri ikasikika, nzito, imejaa udongo. "Kuna nini huko nje?"

"Kuna Fisi," akasema mkewe.

Kisha ile sauti tena. "Muhanga bado yupo?"

"Nipo."

"Dada Muhanga. Nusu kichuguu."

Wallahi, aliongea bei akiwa vile. Makalio nje, Fisi anasubiri, bado anaongea bei.

Muhanga alikuwa amekuja kuitaka nusu hiyohiyo. Hapo mdomo ungefunguka wenyewe. Lakini alimtazama mke wa Ngiri, anabadilisha mguu wa kuegemea, pembe zake bado ziko mbele. Akaona si wakati wa bei. Hakujibu nusu, hakujibu kizima. Alikunja masikio yake udongo usiingie, akaziweka kucha chini ubavuni mwa Ngiri, akaanza.

Kwaru, kwaru, kwaru. Udongo ukaruka nyuma. Kwaru, kwaru, kwaru. Fisi akainuka. Mke wa Ngiri akapiga hatua mbele, Fisi akaketi tena, safari hii karibu zaidi. Kwaru, kwaru, kwaru. Muhanga alichimba mahali alipojua tangu Ngiri alipotembea mbele yake na kugeuka. Alijua mabega yake yanaishia wapi. Alijua anahitaji upana gani ili pembe zipite zisiguse ukuta.

"Sasa geuka," akasema.

Mle ndani pakavuma. Mkia ukazama ardhini. Makalio yakazama. Vumbi likatulia, na mlangoni zikatokea pembe, kwanza mbili, kisha uso mzima, mwekundu kwa udongo na kwa hasira. Pembeni yake mkewe, naye pembe tayari.

Fisi akaangalia huku, akaangalia kule. "Kumbe nyumba ina mlango," akasema. Akaondoka, anachechemea, hana haraka.

Ngiri akatoka akajikung'uta. Akakohoa. Akatazama pale palipochimbwa, na, wala msishangae, wako watu wa namna hii, akasema, "Lakini haikukuchukua muda."

Mkewe akamgeukia. Hakupaza sauti. "Baba watoto, nyamaza."

Ngiri akanyamaza.

"Kaka Ngiri," akasema Muhanga, "uliniuliza ndani ya shimo pana nini. Nilikosa jibu, na swali lako likanila roho. Ulipokuwa umekwama humo, ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka kugeuka."

"Ulitaka nafasi. Kidogo tu, ubavuni, pasiwe na kitu. Nguchiro alikuachia udongo pale ulipohitaji pasiwe na kitu. Udongo uko kila mahali, hauna bei. Ninachouza mimi ni ile nafasi, iwe mahali pake, kwa kipimo chako wewe na si kipimo changu. Ndiyo maana nilikuuliza unaingiaje kwako."

Ngiri akainamisha kichwa.

"Hii ya leo sidai," akasema Muhanga. "Hatukuwa tumepatana. Lakini hapa hapazaliki, maji yatajaa. Shimo la kuzalia ni kule kwenye mwinuko, chumba chake kiinuke juu mvua isiwakute watoto. Bei ni kichuguu kizima. Ukiona ni kubwa, niambie, tutapunguza. Tutaondoa kile chumba, au kule kuinuka kwake. Chagua mwenyewe tuondoe kipi."

Ngiri akamtazama mkewe. Akatazama tumbo lake. Akatafuta cha kuondoa, asikione.

"Kile kichuguu cha kwenye mgunga," akasema mke wa Ngiri. "Kizima. Anza kula kwanza, dada, huwezi kuchimba na njaa."

Muhanga akala, kisha akachimba. Mvua ikaja, ikapiga bonde zima, shimo la Nguchiro likajaa maji mpaka mdomoni. Kule juu kwenye mwinuko watoto wa Ngiri walizaliwa wakavu, na baba yao amekaa mlangoni, pembe nje. Tangu hapo mtu akimuuliza Ngiri kuhusu Muhanga, hujibu kwamba yule dada ni ghali, kisha humwonyesha njia ya kumpata. Ile habari ya nusu kichuguu ikafia hapo.

Na mkimwona ngiri siku hizi anakula kwa kupiga magoti, watu watawaambia anamshukuru Muhanga. Si kweli. Ana shingo fupi. Lakini kunyamaza bei ikitajwa, hilo alijifunza.

Basi mafunzo ni haya. Wewe unayenunua kazi ya mwenzako, usiipime kwa macho yako wakati imeshakwisha. Uliza ukiiondoa utabaki na nini. Na wewe unayeiuza, ijue kazi yako mpaka uweze kuieleza, kwa sababu Muhanga alibakiza neno moja tu kujiuza nusu, na lile neno alikuwa nalo mdomoni.

Mliuliza shimo la nani.

*La Ngiri!*

La Ngiri, kwa kuwa alilipa. Hadithi yangu nayo imeingia shimoni kwake, kinyumenyume, na hapo imekaa. Anayeitaka aiendee kwa heshima.