Mtoto wa Limi Analilia Nani?

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sitaki kelele. Ninayowaletea ni kesi, na mimi mwenyewe imenishinda.

Walikuwako wanafunzi watatu wa udaktari, chuo kimoja, darasa moja. Kila mmoja alikuwa na chake.

Mbuke alikuwa na mikono. Vitabu alivisoma kama mtu anavyokunywa mwarobaini, pua kaiziba. Walimu wakifundisha chembechembe za damu, binti huyo yuko wodini anashika watu matumbo. Alisema hajaona mgonjwa aliyemwuliza daktari kanuni ya kemia. Lakini akiweka vidole juu ya tumbo, tumbo linamweleza lilivyokula na lilivyolala.

Ndaki alikuwa na kichwa. Wodi aliiogopa, vidonda vilimtia kichefuchefu, na ukimpa sindano anaitazama kama nyoka. Yeye alitaka kujua kwa nini. Kwa nini damu ina chumvi, na chumvi ikipungua pumzi inafanyaje. Wenzake walimwita Profesa wa Mate, kwa kuwa aliwahi kuwahutubia mezani juu ya kazi ya mate mpaka ugali ukapoa.

Lushinge alikuwa na kisu. Alijifunza kwa maiti. Chuo kile kiliwapa wanafunzi mtu aliyefia mjini na kukosa ndugu wa kumchukua, wamkate, waone Mungu alivyompanga. Jina lake halikujulikana, nao wakampachika la kwao, Babu Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku waliyomkata. Vijana wakipewa kisu pamoja na mtu asiyeweza kujitetea, watacheka tu. Wengine walikimbilia kunawa mapema. Lushinge alibaki. Nyama kwa nyama, mshipa kwa mshipa, mpaka akamjua yule mtu ndani kuliko mtu anavyojijua. Ile dawa ya kuhifadhia maiti ikamganda vidoleni. Mwaka mzima kijana wa Kisukuma alikula ugali kwa kijiko.

Huko chuoni walimu waligombana. Kundi moja lilisema miaka ya kemia na maiti ni mingi mno, watu wanakufa vijijini, vijana wapelekwe kwa wagonjwa mapema na hayo mengine watayaokota njiani. Kundi la pili likasema daktari asiyejua mzizi ni mchuuzi wa vidonge. Waligombana mpaka wakanyimana salamu, watu wazima na miwani yao. Wanafunzi nao wakagawanyika. Mbuke akawa wa kundi la kwanza, Ndaki wa la pili. Lushinge hakusema kitu. Alikuwa amezoea kukaa na wasiosema.

Mwaka wa mwisho wakapelekwa kufanya mafunzo katika hospitali ndogo ng'ambo ya mto. Mvua ikaja ikabeba daraja, na daktari wa pale alikuwa amevuka kumpeleka mgonjwa mjini. Simu ilishika kwa kubahatisha. Neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa, "Fanyeni mnalolijua."

Ndipo akaja Limi na mtoto mgongoni, na mama yake, Nyanzobe, nyuma yake.

Limi alikuwa amezika watoto wawili, wote walikuwa na majina. Huyu wa tatu alikataa kumpa. Alisema jina ndilo kamba ya kifo, kinaishika kikavuta. Basi mtoto ana mwezi na zaidi anaitwa "Huyu" tu, kama kitu cha sokoni. Na Huyu alikuwa anatapika. Akishanyonya, maziwa yanaruka yanagonga ukuta, halafu anataka kunyonya tena. Alikuwa na macho makubwa na ngozi iliyolegea, kama kizee kilichorudi kudai kitu. Limi akawatazama wale vijana akasema, "Atakayemwacha huyu duniani, jina lake ndilo nitampa mtoto." Hakulia.

Mbuke alimchukua. Wauguzi walikuwa wameshachanganya dawa ya kuzuia kutapika. Akawaambia wangoje, akamwacha anyonye, na huku ananyonya vidole vyake vikatembea juu ya lile tumbo taratibu, kama mtu anayepapasa sarafu gizani. Chini ya mbavu, upande wa kulia, akakuta kidude kigumu kama kokwa ya zambarau. Akasema mlango wa kutokea tumboni umekaza nyama, maziwa hayapiti, hapana dawa ya kunywa itakayopita pasipopitika. Akatwe. Bila vidole vile mtoto angenyweshwa dawa ya tumbo mpaka kaburini.

Lushinge akaenda kunawa. Muuguzi wa nusukaputi akaandaa dawa zake. Ndaki, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa woga, akauziba ule mlango.

"Mkimlaza leo haamki," alisema.

Akaeleza. Kutapika kule kumemwaga tindikali ya tumbo pamoja na chumvi zake, na damu imepoteza ukali. Na ukali huo wa damu ndio unaoukumbusha mwili kuvuta pumzi. Damu kama hiyo ukiitia nusukaputi, pumzi inasahau njia. Kwanza apewe maji ya chumvi kwenye mshipa, pole pole, na akishakojoa aongezwe potasiamu. Kisu kisubiri.

"Profesa wa Mate," Mbuke akamwambia, "mtoto anakufa, wewe unamsomea."

"Anakufa, ndiyo. Usimsindikize."

Wakangoja. Limi alikaa akitazama dripu ikidondoka, tone likichelewa anashika kifua. Mtoto alipokojoa alimkojolea Ndaki shati, na huyo aliyeogopa hata jasho la wagonjwa alilivaa lile shati mpaka kazi ikaisha. Bila kichwa kile, kisu kingemkuta mtoto akiwa tayari maiti.

Siku ya pili Lushinge akamkata. Ile nyama iliyokaza ilikuwa nyeupe na ngumu, na chini yake kuna utando kama ganda la ndani la kitunguu. Nyama ipasuliwe, utando usiguswe. Ukipunguza, hujafanya kitu, ukizidisha, umeua. Mkono wake ulikwenda taratibu. Ila midomo yake ilikuwa inacheza. Na mle chumbani kukaingia harufu ya ile dawa ya maiti, kali, ya kuchoma macho. Muuguzi wa nusukaputi akauliza ni nani kafungua chupa hiyo. Hospitali ile haikuwa na chupa hiyo. Kisu kikapasua, utando ukatuna kama shavu la mtoto anayepuliza, mzima. Bila mkono ule, vidole na kichwa vingeishia kumzika mtoto aliyepimwa vizuri.

Muuguzi akamwuliza Lushinge alikuwa anaongea na nani. Akajibu kwamba aliyekuwa akifanya kazi hakuwa peke yake, na akaenda kunawa, akanawa muda mrefu.

Mtoto akanyonya, maziwa yakakaa. Mngedhani yameisha.

Kidonda kikakauka, naye akaanza kulia. Jua likishapinduka tu analia, ameshiba, hana homa, analia huku anatazama mlangoni. Mbuke alimpapasa asione kitu. Ndaki alipima damu asione kitu. Nyanzobe akasema acheni kumchosha, analilia jina. Kwao mtoto wa namna hiyo hupakatwa na kutajiwa majina moja moja, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Limi akaikumbuka ahadi yake. Wakaitwa wale watatu.

"Mbuke," akaita Limi. Mtoto akalia. "Ndaki." Akalia. "Lushinge." Hapo akakata kilio, na wote wakaona kwamba hamtazami Lushinge. Anatazama nyuma ya bega lake. Kisha akaanza tena, kwa nguvu zaidi.

Lushinge aligeuka rangi kama jivu. Akasema wao si watatu, kuna wa nne, na akawaeleza habari za yule mtu wa Alhamisi aliyemfundisha kila utando.

"Aliitwa nani?" Limi akauliza.

Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Nyanzobe akamsogelea Lushinge. Mwanawe wa kwanza, Luhende, kaka yake Limi, aliondoka miaka mingi kutafuta kazi mjini, na habari zake zikakatika. Alipokuwa mdogo aliangukia motoni.

"Mwanangu," akamwambia Lushinge, "mtu huyo, muundi wa kushoto, alikuwa na kovu la moto?"

Lushinge akafumbua kinywa. Mguu ule aliujua. Angeweza kukutajia kila msuli, kila mshipa, unapotoka na unapokwenda, kwa Kilatini chao. Lakini ngozi ndiyo huondolewa kwanza. Yeye mwenyewe aliichuna, Alhamisi ya mwanzo kabisa, kwa haraka, ili afikie yale yatakayoulizwa kwenye mtihani.

"Sikutazama, mayu," akamjibu, kama anavyomwita mama yake mzazi.

Nyanzobe akatikisa kichwa. "Mguu wote umeusoma," alisema, "ukaruka mlango wa mbele."

Sasa hapo ndipo walipokwama, na ndipo ninapowaacha. Kwao jina la mjomba hapewi mtoto mpaka mjomba awe amekufa. Nyanzobe akilitamka "Luhende" juu ya kichwa cha mtoto, amemzika mwanawe kwa kinywa chake, na kama yu hai huko aliko, wanasema hatafika mwaka. Asipolitamka, na kama kweli ndiye aliyesimama nyuma ya lile bega, mtoto atalia mpaka awafuate ndugu zake wawili. Na wakimwita mtoto Alhamisi, hilo si jina la mtu, ni dhihaka ya vijana wenye visu. Nao watatu, kila mmoja bado ana haki yake. Ondoa vidole, mtoto hayupo. Ondoa kichwa, hayupo. Ondoa kisu, hayupo. Ondoa maiti, kisu hakipo.

Daraja likaunganishwa, vijana wakarudi kula kiapo. Mbuke, nasikia, sasa anasoma kemia kwa kufungua pua. Ndaki anashika wagonjwa. Lushinge bado anakula kwa kijiko. Na walimu wale bado wanabishana ni mwaka upi waupunguze, bila kujua kwamba ulikuwapo mwaka mmoja ambao haukutosha hata kutazama mguu.

Basi msinijibu haraka haraka kama watoto wa shule. Jua limepinduka. Limi amechoka, anakupa wewe umshike mtoto. Analia, anatazama nyuma yako. Nyanzobe yuko mbele yako, jina la mwanawe ameling'ata kwa meno.

Unamwita nani?