Mwiko Wenye Uzi Mwekundu

Sogeeni mbele, ndugu zangu, nafasi ipo. Leo nina mfano mfupi, na atakayejiona ndani yake asinikasirikie mimi.

Palikuwa na fundi mmoja, mshonaji wa kanzu, ambaye mwili wake haupatani na kamba, wale wa baharini. Akionja mchuzi wake tu, midomo inavimba na kifua kinabana. Utotoni nusura wamuue. Kwa hiyo alijilinda, na kujilinda si vibaya. Aliyempikia ni dada yake mjane, jirani yake ukuta kwa ukuta. Dada alimtengea mwiko wake peke yake, akaufunga uzi mwekundu ili usichanganyike na mingine.

Na kila sahani ilipofika, fundi aliuliza, "Mwiko wangu haukugusa kamba?"

"Haukugusa, kaka."

"Una hakika?"

"Kaka, kula, chakula kinapoa."

Alikula, ila alinusa kwanza. Dada aliumia, akarudi jikoni kwake.

Basi magoti ya fundi yakaanza kuuma, si mnajua cherehani ya miguu. Rafiki akamletea chupa kutoka ng'ambo, vidonge vyekundu vinang'aa kama shanga. "Mafuta ya bahari haya," akamwambia. "Moyo yanasaidia, viungo yanasaidia. Wenzetu huko wanameza kila siku."

Je, fundi aliuliza mafuta ya nini? Alinusa? Maandishi hakuyaelewa, lakini chupa ilikuwa nzuri. Akameza viwili baada ya chakula cha mchana.

Haukupita muda, koo likaanza kuziba. Dada alisikia cherehani imenyamaza, akaingia, akamkuta kaka yake ameshika shingo. Majirani wakamkimbiza hospitali. Daktari akamchoma sindano huku akiuliza, "Amekula nini huyu?"

Fundi hakuweza kusema. Aliweza kunyoosha kidole tu, na kidole kile kilimwelekea dada yake. Mnaujua uzito wa kidole kile, ndugu zangu?

Dada hakujitetea. Alifungua pindo la kanga, akatoa chupa aliyoiokota kando ya cherehani. Daktari akaigeuza, akasoma.

"Haya ni mafuta ya krili," akasema. "Ni vidudu vya baharini, jamii moja na kamba. Kuna watu huenda yakawasaidia. Lakini asiyepatana na kamba asiyaguse kabla ya kutuuliza. Na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, vivyo hivyo."

Sauti ilipomrudia, fundi alilia. "Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe," akajibu dada. "Lakini mimi umeniuliza miaka kumi na miwili, kaka. Chupa hukuiuliza hata siku moja."

Na sisi je? Mwiko wa nyumbani tunaunusa, chupa ya mgeni tunaimeza. Daktari anatuuliza tunatumia nini, tunasema hatutumii kitu, kumbe kabati limejaa. Eti si dawa, ni mafuta tu. Tuseme, ndugu zangu. Tuulize kabla ya kumeza.

Yule fundi siku hizi sahani ikifika anasema bismillahi, anakula. Uzi mwekundu dada hajaufungua, bado anamlinda. Sasa wewe unayerudi nyumbani mchana huu, utakula chakula cha nani? Ulishamnyooshea kidole? Basi leo, kabla hujanawa mikono, mwombe radhi.