Chande na Mbuzi Asiye na Meno

Paukwa, wajukuu zangu! Hiyo ndiyo pakawa yenu, kama watu waliofunga siku tatu? Paukwa! Ehee, sasa nasikia watu.

Basi hapo kale, kale ile ambayo jogoo aliomba ruhusa kabla ya kuwika, palikuwa na mkulima akiitwa Chande. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na mkewe Mwanakheri alimpenda kuliko nafsi yake. Ila alikuwa mkono wa birika, wanangu, birika hasa.

Kulikuwa na mchuuzi apitaye kila mwezi akinadi vyombo vya bei ya chini. Chande akanunua jembe. Likagonga jiwe, likakunjika. Akanunua jingine kwa yule yule. Akanunua kisu, kikachomoka, Mwanakheri akabaki na mpini mkononi, samaki anamtazama. Akanunua kingine kwa yule yule. Akanunua shoka, kichwa kikaruka, kikatua chunguni mwa jirani. Akanunua jingine kwa nani? Semeni! Kwa yule yule.

Mwanakheri akinung'unika, mumewe hucheka.

"Kikivunjika tutanunua kingine, mke wangu. Si rahisi?"

"Rahisi huvunja upishi, mume wangu."

"Upishi wako wewe? Hauvunjiki hata kwa nyundo!"

Maneno matamu hayo, lakini hayakati kitunguu.

Siku moja Chande akarudi kutoka shamba, akakuta moto umezimika, na mke hayupo. Kaenda kwao! Chande alikaa kizingitini akalia. Msicheke, nanyi mtaoa.

Kesho yake akaja Mzee Kiponda, mshenga aliyemposea. Zama zile mtu hakusemezana na mama mkwe wake. Neno lilipita kwa mshenga.

"Mkweo ataka mbuzi mwenye meno," alisema Mzee Kiponda. "Ijumaa ikipita hujaleta, mwanawe harudi. Utoe talaka."

"Mbuzi tu?"

"Mbuzi tu. Mwenye meno. Kasema mara tatu."

Chande akajua hiyo ni faini ya kurudishiwa mke. Mbio mpaka mnadani! Akaonyeshwa beberu amenona, meno yamejaa kinywa. Akasikia bei yake, akakohoa.

"Huyu ana meno mengi mno. Hamna mwenye machache?"

Akaletewa kizee cha mbuzi, magoti yanatetema. Chande akamfunua kinywa. Jino moja.

"Mkwe hakusema mangapi," akajisemea, akamnunua. Njiani mbuzi akatafuna kamba yake, na lile jino likabaki kwenye kamba.

Alhamisi akafika ukweni pamoja na Mzee Kiponda. Mama mkwe akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Kiponda, mbuzi kaletwa?"

"Kaletwa, bibi."

"Mwambie amwingize jikoni, nazi zinangoja."

Chande akashangaa. Nazi na mbuzi wapi na wapi? Akamwingiza hivyo hivyo, akamsimamisha kando ya nazi.

"Meee!" akasema mbuzi.

Pazia likaanza kutikisika, na nyuma yake mtu mzima anakauka kwa kicheko. "Kiponda wee! Mimi nilitaka mbuzi wa kukunia nazi! Yule wa mchuuzi wake alikatika mwanangu akikuna!"

Chande naye angecheka. Lakini Mwanakheri alikuwa jikoni mle, na kidole chake kimefungwa kitambaa chenye damu. Hapo moyo wa Chande ukaingia uchungu ambao hajapata kuuonja. Akasahau mshenga, akasahau pazia. "Mama, nimemuumiza mwenyewe, kwa ubahili wangu. Nisamehe."

"Ijumaa ni kesho," akajibu mama mkwe.

Chande akaenda kwa mhunzi mjuzi wa pale, akataka mbuzi bora kuliko wote. Pesa hana, kazimaliza mnadani. Akamtoa yule kizee. Mhunzi akamchungulia kinywani, akasema, "Huyu hatoshi hata kwa jino moja la mbuzi wangu. Shika mivukuto." Chande akavukuta hadi kucha, nyusi zikaungua.

Ijumaa akarudi na mbuzi mwenye meno makali, kiti cha mninga. Akamkalia mwenyewe, mwanamume mzima, akakuna nazi nane mbele ya wakwe zake, na vijana madirishani wanapiga vigelegele. Tui likatoka zito. Mwanakheri akaonja wali, akasema, "Huyu ana meno."

"Twende basi, mke wangu?"

"Twende. Mbuzi wangu nitambeba mimi. Wako mbebe wewe."

Wakapita kijijini hivyo: mke mbele na mbuzi wake kichwani, mume nyuma na kizee mabegani, maana hata kutembea kilikataa. Mbuzi wa Mwanakheri alikuna nazi mpaka akarithiwa na wajukuu. Na wa Chande je? Hana meno, majani hatafuni. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shamba, Chande alimkorogea uji. Miaka saba!

Basi, wanangu, mkinunua chombo cha nyumbani, msitazame bei peke yake; tazameni na mkono utakaokishika.

Nami nimekamua kisa changu. Tui kanyweni ninyi, machicha niachieni na kuku wangu.