Mtoto wa Masalu Aitwe Nani?

Sogeeni, wajuaji wa Kirumba na Igogo. Leo nawatega, na atakayejibu harakaharaka namwita muongo.

Walikuwepo Mwanza vijana watatu. Lushinge wa mlima wa Bugando alikuwa na macho: akisimama mlangoni kwao anakwambia nani kavaa nini kule Capri Point. Shilinde wa Mwaloni, kule soko la samaki, aliyajua mawe yote ya ghubani, kama wewe unavyolijua sufuria lililobaki wali. Mhoja wa Igogo alikuwa na mikono. Magugu maji yakinasa injini za wenzake, yeye anapita na kasia, tena anapiga mluzi.

Sasa Milembe, mke wa Masalu, mimba kubwa, alikuwa anafua ufukweni Kirumba. Upepo ukampokonya kanga. Akaifuata juu ya magugu, si unajua yanavyodanganya, kijani kama uwanja wa mpira! Pande likameguka, likaelea naye hadi likamtupa jiweni.

Masalu akapiga yowe: "Atakayemwokoa, mtoto nampa jina lake!"

Lushinge akamwona, akapiga simu Mwaloni. "Yuko kwenye jiwe!"

Boti zote mbio Jiwe la Bismarck, lile maarufu kuliko yote. Hakuna mtu. Shilinde akamnyang'anya simu aliyeipokea.

"Jiwe lipi, wewe? Hii Mwanza!"

"Kubwa."

"Yote makubwa! Lina nini?"

"Limepasuka juu, mti umejishikiza ubavuni."

"Loo! Hilo liko nyuma ya Capri Point!"

Akampigia Mhoja. Mhoja akapenya magugu, akamkuta Milembe kaling'ang'ania jiwe, maji kiunoni, uchungu umeshaanza. Akamleta nchi kavu. Milembe akajifungua dume.

Hapo ndipo akili zilipochanganyika.

"Bila macho yangu mngezika," Lushinge akasema.

"Macho gani? Uliwapeleka watu Bismarck!" Shilinde akamrukia.

"Nyie mlishika simu," Mhoja akacheka, "mimi nilimshika mtu."

"Basi aitwe yote matatu," Masalu akanong'ona.

Mama yake Masalu akang'aka: "Mtoto ana somo mmoja! Na kesho ananyolewa. Kwetu hanyolewi asiye na jina."

Sasa bibi anamwita Shilinde, baba Lushinge, mama Mhoja. Kichanga kinalia tu, na wembe umeshanunuliwa.

Haya, wewe unayecheka hapo nyuma: ungekuwa Masalu, ungemwitaje?