Wosia Uliojalidiwa

Hapo zamani, Wajerumani walipokuwa wakitawala pwani yetu, mama mmoja wa Lindi, mtunzi hodari, alimwandikia bintiye utenzi wa wosia. Binti akiitwa Somoe. Mama akafa, utenzi ukabaki sandukuni, umeandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hapakuwa na nakala nyingine.

Ikaja njaa. Somoe akaugawa utenzi mafungu mawili. Fungu moja akalibadilisha kwa kibaba cha mchele kwa Jivanji, muuza vitabu, aliyekuwa akikusanya karatasi kuukuu. La pili akalificha. Mchwa wakalila lote. Msimcheke, ninyi mlioshiba!

Karatasi nyingine Jivanji aliwapa wauza vitunguu wafungie. Hizi za Somoe akaona hati yake nzuri, moyo ukamkataza. Akazipeleka bara kwa watawa wanaume wa misheni, pamoja na katekisimu walizoagiza, akidhani watazisoma.

Bruda Kolumbani, mjalidi wa vitabu vya maktaba yao, akadhani ni za kujalidia, kama alizoletewa siku zote. Akazipaka gundi yenye dawa ya mchwa, akazibandika moja juu ya moja, zikawa jalada la kamusi. Jamani! Wosia wa mama ukawa jalada.

Miaka ikapita. Paa la maktaba likavuja, jalada likafumuka, herufi zikachungulia. Bruda akamuuliza Jivanji, Jivanji akamkumbuka Somoe. Kila mmoja akazitaka karatasi, wakafika wote kwa liwali awaamue. Somoe akasoma ubeti wa kwanza.

"Niliandikiwa mimi," akasema. "Mama anasema 'mwanangu', hasemi 'maktaba'."

Bruda akasema, "Bwana Liwali, fungu alilobaki nalo liko wapi? Hili limepona kwa gundi yangu. Nipe nilitunze, naye aje kulisoma apendapo."

"Huko ndani kwenu mwanamke anaingia?" liwali akauliza.

"Mwanamke hapiti mlango wetu," Bruda akakiri.

Jivanji akasema, "Bila mimi zingefungiwa vitunguu. Nipe nizipeleke Unguja zikapigwe chapa, kila binti ausome wosia huu."

"Wosia wangu uuzwe sokoni?" Somoe akauliza.

"Mbona ulishauuza, Bi Somoe?"

"Niliuza kwa njaa, Jivanji. Sikuuza kwa kupenda."

Liwali akavua kilemba, akakuna kichwa. Akamsogezea Somoe karatasi, akawakumbuka mchwa, akazirudisha. Akamsogezea Bruda, akaukumbuka ule mlango, akazirudisha. Akamsogezea Jivanji, akamwona Somoe analia, akazirudisha. Karatasi zenyewe zikaanza kumeguka pembeni kwa kusukumwasukumwa.

"Mmenivuruga akili!" liwali akafoka.

Hata mimi msimulizi nimevurugika. Kila nikishika upande mmoja, mwingine unanisuta. Somoe sasa ameweka kiganja juu ya karatasi na hataki kukiondoa. Liwali anawatazama ninyi. Je, mtamwambia akiondoe? Nani anastahili kupewa karatasi hizi?