Skrini ya Ukutani

Wapendwa, kanisa ninalotaka kuwaeleza asubuhi hii halipo popote, lakini mkiingia ndani yake mtajua pa kukaa.

Siku hiyo binti wa kanisa hilo alikuwa anabarikiwa kuwa mchungaji, mwanamke wa kwanza kutoka pale. Mama yake, aliyemlea peke yake, alikuwa hospitalini, hawezi kuinuka. Muuguzi alimshikia simu mbele ya uso ili afuate ibada moja kwa moja.

Saa ya kuwekewa mikono ilipokaribia, picha ikaanza kukwama. Kwa simu nyingine, muuguzi akampigia fundi mitambo wa kanisa. “Kaka, huku askofu ameganda mdomo wazi tangu wimbo wa pili. Mama anauliza kama mwanawe ameshawekewa mikono.”

“Bado, dada. Ni mtandao huo, narekebisha.”

Fundi akahamia laini nyingine ya mtandao, picha ikakwama. Akapunguza ubora wa picha, ikakwama vilevile. Dada anayeshughulika na kamera akapima mtandao, kisha akainamia kompyuta. Mnajua kazi ya kompyuta ile? Huipokea picha ya kamera, huibana iwe nyepesi, ndipo huirusha.

“Mtandao una nafasi tele,” akasema. “Mashine ndiyo imeelemewa. Haiwahi kubana picha kwa wakati.”

“Mashine hii? Niliichagua mwenyewe.”

“Na ni nzuri. Ila tazama inachofanya. Robo ya nguvu zake ndiyo inabana picha ya yule mama. Zilizobaki zinailisha skrini yako.”

Skrini ya ukutani ilikuwa fahari ya kanisa zima. Kamera ya pili iliwazungukia waumini, na kompyuta ileile ikapamba kila uso kwa maua yanayoelea na jina la jumuiya yake. Watu walijiona, wakajipungia mkono. Makanisa jirani yalikuja kuitazama. Fundi aliitengeneza kwa miezi saba.

“Nikiizima watanisema,” akanong'ona.

“Watakusema. Askofu ameshasimama.”

Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka. Mimi simlaumu kwa kusita. Kazi ya miezi saba si kitu cha kuzimwa kirahisi.

Akaizima. Ukuta ukawa mweusi, na minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Baba mmoja wa mbele akageuka: “Vipi, fundi, umeme?”

“Hapana, baba. Ni mimi.”

Baadaye simu ikaita. “Kaka, picha imetulia kabisa. Mama ameiona mikono yote ikishuka. Sasa anaisumbua wodi nzima: ‘Mnamwona yule mchungaji? Nimemzaa mimi.’”

Ndugu zangu, sisi tumefunga na kuomba Mungu atupanulie njia. Nani aliiziba? Nguvu anazotupa ni nyingi, nalisema hilo kwa fahari, maana kwaya zenu nazisikia na mikono yenu naiona ikifanya kazi. Lakini nyingi kati ya hizo tunazimalizia katika kujitazama. Tunaimba tukijisikiliza. Tunamtembelea mgonjwa, na tukiwa bado mlangoni tumeshapiga picha.

Ninajivunia kanisa hili, na kwa sababu hiyo nawaomba: kila mmoja aende nyumbani akaitafute skrini yake. Akiiona, aizime kwa mkono wake mwenyewe. Yuko mtu amelala mahali, na hajaona kitu tangu wimbo wa pili.